Namna ya Kuitambua na Kuitafiti Bunduki ya Uwindaji ya Toleo Dogo Ukiwa Arusha au Moshi

Bunduki ya kijeshi aina ya Mauser ilitengenezwa kwa mamilioni. Bunduki ya .416 (namba hii ni jina la risasi yake) ya John Rigby wa London, tangu ilipoanza kuuzwa 1911 hadi Vita Kuu ya Pili, haikufika mia mbili: hilo ndilo toleo dogo. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya utafiti uwezekane, kwa sababu kilichotengenezwa kwa oda kiliandikwa kwenye leja: namba yake, tarehe ya kutoka, urefu wa mtutu na jina la aliyelipa. Aliyenayo leo Arusha, iwe ni urithi wa shamba la kahawa au iliachwa na kampuni ya uwindaji, anaweza kuifuatilia hadi siku ilipotoka karakana. Ila aanze na chuma, aende kwenye karatasi, ndipo asikilize masimulizi. Anayeanza na masimulizi huishia kuitafutia bunduki ushahidi wa uongo.

Kanda hii ya Kaskazini ilizipata bunduki kama hizi kwa njia nyingi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, na pamoja nayo walowezi wa Kijerumani, wengi wakiwa na bunduki za risasi ya 9.3x62 ambayo Otto Bock wa Berlin aliibuni 1905 kwa ajili hasa ya wakulima na wawindaji wa makoloni. Waingereza walipoingia 1916 walikuja na zao. Idara ya wanyamapori ya Tanganyika, iliyoanza 1919, iliwapa mabwana nyama bunduki nzito za kuwazuia tembo mashambani. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji 1977, kisha Tanzania ikaufungua tena 1978 baada ya kuufunga miaka mitano, Arusha ikabaki kuwa kituo kikubwa cha uwindaji wa safari katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo bunduki moja ya hapa inaweza kuwa na wamiliki watano, serikali tatu na lugha mbili kwenye makaratasi yake.

Sheria kwanza

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, usidhani kwamba thamani ya kihistoria inaiondolea bunduki leseni. Kila silaha ina leseni yake, yenye namba yake, kwa jina la mtu mmoja. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, hupitia polisi wilaya na kamati za usalama, hadi kwa Msajili wa Silaha. Ukitaka kununua, namba iliyo kwenye leseni ya muuzaji, namba iliyo kwenye bodi (chuma kinachopokea mtutu na kubeba bolti) na namba iliyo kwenye bolti (komeo linalofunga risasi nyuma ya mtutu) zilingane kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Usiichukue nyumbani "kuiangalia" huku maombi yakiendelea. Hilo ni kosa la jinai, na nia njema ya mkusanyaji haikuokoi.

Mwenye leseni akifariki, leseni haimfuati mrithi. Silaha na risasi zake zipelekwe kituo cha polisi, mkabidhiwe hati ya kuzipokea, ndipo mrithi aombe kwa jina lake wakati mirathi ikiendelea. Familia nyingi huacha bunduki uvunguni kwa heshima ya marehemu, na hapo ndipo historia nzuri inapogeuka kesi. Kabla ya kuikabidhi, omba ruhusa ya kupiga picha za alama zake zote mbele ya askari, kwa sababu bunduki inaweza kukaa ghala la polisi muda mrefu na kutoka na kutu.

Bunduki ambayo namba yake imekwanguliwa usiishike, usiinunue, na usijaribu kuirudisha namba kwa tindikali. Toa taarifa. Vivyo hivyo kwa chuma cha vita kinachofukuliwa maeneo ya Longido au Taveta, kulikopiganwa 1914 na 1916: baruti ya zamani hailegei kwa kuwa imezeeka.

Kwa asiyeweza kupata leseni, au asiyetaka mzigo wake, upo mkusanyo mwingine wenye maana kamili: makaratasi. Katalogi za watengenezaji, masanduku ya ngozi, lisiti za maduka ya Nairobi, picha za safari zenye tarehe nyuma, maboksi matupu ya risasi, leseni za kikoloni. Vitu hivi ndivyo vinavyopotea haraka zaidi, maana bunduki hulindwa na makaratasi huchomwa siku ya kusafisha stoo. Angalia tu lisibaki ganda lenye fataki hai (kiwashio cha risasi kisichopigwa); risasi moja nzima bila leseni ni kosa.

Siku ya kwanza: usisafishe

Hakikisha haina risasi. Toa magazini (kisanduku cha risasi) au fungua kifuniko chake cha chini, vuta bolti hadi mwisho, tazama chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inakokaa risasi) kwa tochi, kisha ingiza kidole kidogo uhisi. Macho peke yake hayatoshi. Ganda jeusi ndani ya chemba nyeusi halionekani. Toa bolti kabisa na uiweke mbali na bunduki.

Sasa iache ilivyo. Vumbi, mafuta yaliyoganda na kutu ya rangi ya kahawia ni sehemu ya ushahidi, na vinaficha alama ambazo brashi ya chuma itazifuta. Piga picha kwanza, kwa mpangilio huu: upande mzima wa kulia, upande mzima wa kushoto, juu ya mtutu kuanzia mdomoni hadi bodi, pande zote za bodi, bolti na mkono wake, kifuniko cha magazini, kilengeo cha nyuma na kilengeo cha mbele, bamba la kitako, na kila screw kwa karibu. Weka rula ya milimita ndani ya kila picha. Mwanga utoke ubavuni, karibu sawa na uso wa chuma, asubuhi kando ya dirisha au kwa tochi iliyolazwa. Mwanga wa mbele huua maandishi yaliyochakaa. Ukishindwa kusoma, paka chaki nyeupe kwa kidole, futa juu kwa kitambaa kikavu, na maandishi yatabaki meupe ndani ya chuma. Usitumie sindano kuchokonoa.

Pima urefu wa mtutu kwa kufunga bolti, kuingiza fimbo ya mbao hadi iguse uso wa bolti, kuweka alama mdomoni, kisha kuitoa na kuipima. Ndivyo watengenezaji walivyopima, na ndicho kipimo utakachokilinganisha na leja. Tofauti ya milimita kumi au zaidi ina maana mtutu umekatwa au umebadilishwa.

Alama nyingine ziko chini ya mtutu, zimefunikwa na mbao. Kuzifikia ni lazima kuvua kitako (mbao inayobeba chuma chote), na hapa ndipo uharibifu mwingi unapotokea. Screw za bunduki za Kiingereza zina mkato mwembamba sana. Bisibisi ya dukani yenye ncha ya kabari hukaa juu tu, huteleza, na kuacha jeraha linaloshusha thamani papo hapo. Ncha inayofaa ina pande mbili zinazokwenda sambamba na inajaza mkato wote kwa upana na unene. Kama huna, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni na umwambie usoni kwamba hutaki kusuguliwa wala kupakwa rangi, unataka kusoma tu.

Kusoma alama za ukaguzi

Kila mtutu uliouzwa Uingereza au Ujerumani ulijaribiwa kwa risasi nzito kuliko kawaida, ukapigwa mhuri. Mihuri hii ni ushahidi bora kuliko jina lililochorwa juu, kwa sababu jina lilikuwa la muuzaji na mhuri ulikuwa wa sheria.

Nyumba ya ukaguzi ya London ilitumia GP zilizofungamana chini ya taji, na V chini ya taji. Kwa baruti isiyo na moshi iliongeza mkono ulioshika upanga juu ya NP. Birmingham, kuanzia kanuni za 1904, ilitumia taji juu ya BP, BV na NP. Kando yake mara nyingi kuna mstari kama CORDITE 75-500 MAX (kodaiti ni baruti isiyo na moshi ya Kiingereza), unaosema kiwango cha juu cha baruti na uzito wa kichwa cha risasi, vyote kwa greni, kipimo kidogo cha uzito cha Kiingereza. Hapo 75 ni baruti na 500 ni kichwa, na hiyo ni risasi ya .470. Ukiona badala yake tani, mfano 18 TONS, mtutu huo ulikaguliwa chini ya kanuni za 1954. Kwa hiyo bunduki inayodaiwa kuwa ya 1925 yenye maandishi ya TONS ama ilibadilishwa mtutu ama ilirudishwa kukaguliwa upya. Si lazima liwe jambo baya, ila ni swali ambalo muuzaji anatakiwa kulijibu. NOT ENGLISH MAKE ni alama ya kanuni za 1925, kwa silaha ya nje iliyopita nyumba ya ukaguzi ya Uingereza.

Mitutu ya Kijerumani iliyokaguliwa chini ya sheria ya 1891 ina herufi B, U na G chini ya mataji, na N chini ya taji kwa baruti isiyo na moshi kwenye bunduki za karibu na 1912 na baadaye. Tai juu ya N ni ya sheria mpya iliyoanza kutumika 1940. Mara nyingi utakuta mwezi na mwaka wa ukaguzi, kwa mfano 5.12, yaani Mei 1912. Huo ni mwaka wa mtutu, na ni zawadi kubwa, kwa sababu kumbukumbu nyingi za kiwanda cha Mauser cha Oberndorf ziliharibiwa baada ya Wafaransa kuuchukua mji huo 1945. Maandishi yenye gramu na St.m.G. yanataja baruti ya jaribio na kichwa cha risasi chenye ganda la chuma. Namba yenye nukta kama 172.28 ni kipimo cha tundu la mtutu kwa mfumo wa zamani. Haihusiani na namba ya bunduki, ingawa imewahi kuingizwa kwenye leseni kana kwamba ndiyo.

Nyota, herufi moja moja na namba ndogo za tarakimu mbili ni alama za mafundi wa kiwandani. Ziandike zote hata kama hazina maana kwako leo.

Inapiga risasi gani hasa?

Hili ndilo linaloharibu watu, na tunaomba lisomwe pole pole. Jina la risasi si kipimo chake. Watengenezaji wa wakati ule walitaja risasi kwa kipenyo cha tundu, au kwa kichwa, au kwa jina la biashara tu. Hivi ndivyo vipenyo vya vichwa vya risasi utakazokutana nazo zaidi kaskazini:

.416 Rigby: milimita 10.57
.404 Jeffery: milimita 10.74
.425 Westley Richards: milimita 11.05
.318 Westley Richards: milimita 8.38
.375 Holland & Holland: milimita 9.53
9.3x62: milimita 9.30
8x57 ya zamani (I): milimita 8.08
8x57 mpya (IS au JS): milimita 8.20

Tazama .404: kichwa chake ni kinene kuliko cha .416, ingawa jina linasema kinyume. Tazama pia .318, ambayo kichwa chake ni milimita 8.38, huku kipenyo cha .318 ya inchi kikiwa ndicho hasa cha 8x57 ya zamani.

Mtego mbaya kuliko yote ni huo wa 8x57. Jeshi la Ujerumani lilihamia kichwa cha 8.20 mwaka 1905, lakini bunduki za uwindaji za raia ziliendelea na mtutu wa 8.08 kwa miaka mingi baadaye. Ganda ni lile lile, kwa hiyo risasi ya leo huweza kuingia chemba bila shida. Kinachofuata ni kichwa kinene kulazimishwa kwenye tundu jembamba, na shinikizo kupanda. Bunduki yoyote ya Kijerumani ya uwindaji ya kabla ya 1940 ichukuliwe kuwa ni 8.08 mpaka ipimwe.

Mtego wa pili ni 10.75. Ipo 10.75x68 ya Mauser na ipo 10.75x73, na hii ya pili ndiyo .404 Jeffery kwa jina la Kijerumani. Kipenyo kinafanana, maganda yanapishana milimita tano. Kwenye leseni za zamani zote mbili zimeandikwa "10.75", basi. Mtego wa tatu uko kwenye bunduki za mitutu miwili za .450/400: moja ina ganda la inchi 3, nyingine inchi 3¼, na haziingiliani.

Kupima tundu, fundi huchukua kipande cha risasi laini (madini, yale ya kuvulia samaki) kinachozidi tundu kidogo, hukipaka mafuta, hukisukuma kutoka mdomoni kwa fimbo ya shaba na nyundo ya mbao, kisha hupima sehemu iliyochongwa na mifereji ya ndani ya mtutu kwa maikromita. Kalipa ya dukani haitoshi, maana tofauti kati ya 8.08 na 8.20 ni kidogo mno kwa chombo kilicholegea. Mtutu wa mifereji mitano hautoi kipenyo kwa maikromita ya kawaida kwa sababu hakuna mifereji miwili inayotazamana. Uulizwe mtu mwenye kifaa cha kuupimia.

Kupima chemba hutumika aloi inayoyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, inayoitwa Cerrosafe. Tundu huzibwa kwa kitambaa mbele kidogo ya chemba, aloi humiminwa, ikishaganda husukumwa nje. Huanza kwa kusinyaa, kisha hutanuka: baada ya saa moja ndipo inapolingana na chemba. Ukipima baada ya dakika kumi utapata chemba ndogo kuliko ilivyo, na ukiiacha kabatini wiki mbili utapata kubwa. Hii si kazi ya kujifunzia nyumbani kwenye bunduki ya thamani.

Magazini nayo inasema. Risasi kamili ya .416 ina urefu wa karibu milimita 95, wakati magazini ya Mauser 98 ya kawaida ina karibu 84. Ndiyo maana Rigby alihitaji bodi ndefu ya Mauser, na hiyo ndiyo iliyozifanya bunduki hizi kuwa ghali na chache. Westley Richards walikwepa tatizo hilo 1909: ganda la .425 lina ukingo mdogo kuliko mwili wake, ili uso wa bolti ya kawaida ubaki bila kuchongwa.

Iliyoguswa na isiyoguswa

Mtu anayetaka kukuuzia "Rigby" iliyotengenezwa kwa mabaki ya Mauser ya kijeshi ataacha dalili. Bodi ya kijeshi ina mkato wa kidole gumba ubavuni kushoto, na mfereji wa kuingizia klipu ya risasi juu ya daraja la nyuma la bodi. Nembo ya nchi iliyofutwa huacha bonde jepesi juu ya bodi. Lielekeze kwenye mwanga wa dirisha uone mwanga ukipinda. Herufi za kuchongwa kwa mkono zina kina kisicholingana na kingo kali. Za mashine ya siku hizi ni sawa tupu na mwisho wake ni wa duara. Mistari iliyofifia chini ya rangi nyeusi inayong'aa maana yake ni kwamba chuma kilisuguliwa kwanza.

Kitako kikaguliwe nyuma ya magazini na kwenye shingo. Mateke (msukumo wa kurudi nyuma) ya .416 au .404 kwenye mbao iliyokauka hupasua hapo hapo, na ufa hujificha chini ya uchafu. Ufa uliozibwa vizuri na fundi wa zamani kwa msumari wa shaba ni sehemu halali ya maisha ya bunduki ya kazi. Matundu ya kufungia darubini yaliyotobolewa miaka ya karibuni ni hasara. Na kitako kilichopigwa msasa na vanishi ya milango ndicho kinachotusikitisha zaidi, kwa sababu aliyefanya hivyo karibu kila mara alikuwa anajaribu kuitendea wema.

Leja na barua

Kampuni za Rigby (iliyorudi London 2013 baada ya miaka ya Marekani), Holland & Holland na Westley Richards zina leja zake za zamani, na hutoa hati ya historia kwa malipo. Andika barua pepe fupi kwa Kiingereza. Taja namba ya bunduki, jina na anwani zilizochorwa kwenye mtutu herufi kwa herufi, urefu wa mtutu ulivyoupima, alama zote za ukaguzi, na ambatanisha picha zisizozidi kumi zilizo wazi. Usitaje masimulizi ya familia. Ukimwandikia mtunza leja kwamba bunduki ilikuwa ya fulani, jibu lake litaelekea huko bila yeye kukusudia.

Anwani husaidia kukisia mwaka kabla ya jibu. Holland & Holland walikuwa 98 New Bond Street hadi 1960. Rigby alikuwa 72 St James's Street, kisha kati ya vita viwili akahamia 43 Sackville Street. Lebo ndani ya kifuniko cha sanduku ipigwe picha pia, ila sanduku halithibitishi bunduki. Masanduku yalihama kutoka bunduki moja kwenda nyingine.

Jibu likija, soma jina la mnunuzi kwa tahadhari. Mara nyingi si mtu aliyeitumia, ni duka. Nairobi kulikuwa na Shaw & Hunter na Charles A. Heyer waliokuwa wakiagiza na kuuza tena, na majina yao wakati mwingine yamechorwa kwenye mtutu. Leja ya London ikiishia kwa duka la Nairobi, umefika nusu ya safari. Nusu iliyobaki iko huku kwetu.

Nusu ya nyumbani

Anza na leseni za zamani za familia, hata zilizoliwa na mchwa. Nyuma ya leseni ya kikoloni kuna tarehe za kuilipia na jina la kituo, na kituo kinakuambia mmiliki alikaa wapi mwaka gani. Namba ya pili iliyogongwa kwa mkono kwenye bodi au bamba la kitako, isiyo na uhusiano na namba ya kiwandani, huenda ni ya bohari au ya idara, na yafaa itafutwe kwenye makaratasi kabla ya kupewa maana.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya utawala wa Kijerumani na ya Waingereza. Ya Kijerumani yanatambulika kwa herufi G mbele ya namba. Omba kibali cha utafiti mapema, nenda ukiwa na jina la shamba na jina la mtu, kwa sababu majalada hayakupangwa kwa namba za bunduki. Gazeti rasmi la Tanganyika lina matangazo ya mirathi na ya mali za maadui zilizouzwa baada ya vita. Mnyororo wa umiliki wa bunduki ya mlowezi wa Kijerumani karibu kila mara hukatika 1916 hadi miaka ya 1920, na tena 1939. Mwanya huo uonyeshe kwenye maandishi yako kama ulivyo.

Bunduki za Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, ni habari nyingine. Vita vilipoanza 1914 kombania nyingi za askari zilikuwa bado na Mauser M71, ya milimita 11 na baruti yenye moshi. Mauser M98 ziliongezeka baada ya meli ya silaha ya Rubens kufika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Chapa ya K.S. ni ya jeshi hilo. Hazikuwa toleo dogo, lakini zilizobaki na historia yake ni chache. Kabla ya kuzikisia, pita Makumbusho ya Arusha, ndani ya boma la Wajerumani la 1900, uone kilichoandikwa juu ya enzi hiyo. Maktaba ya Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa 1963 juu ya Moshi, inafaa kwa anayetafuta habari za idara ya wanyamapori.

Kisha wazee. Mabwana nyama wastaafu, wafuatiliaji nyayo na wabeba bunduki wa safari za zamani bado wapo Arusha, Usa River, Moshi, Same. Usianze kwa kumwonyesha picha. "Shikamoo mzee. Bunduki za idara mlizitunza wapi? Nani alizisafisha? Ya tembo ilikuwa ipi, na ilikuwa na nini cha kuitambulisha?" Mwache aeleze alama mwenyewe: mkwaruzo, pete ya shaba, kamba ya ngozi. Baadaye ndipo umletee picha tatu, ikiwemo moja ya bunduki isiyohusika kabisa. Andika jina lake na tarehe ya mazungumzo, kwa ridhaa yake, na maneno yake kama alivyoyasema. Akisema hakumbuki, andika hivyo.

Kuihifadhi

Risasi za kiwanda cha Kynoch cha Uingereza za enzi ya kodaiti na nyingi za kijeshi zilikuwa na fataki yenye chumvi ya potasiamu. Chumvi hubaki ndani ya mtutu na kunyonya unyevu wa hewa. Mafuta hayaiyeyushi, maji ndiyo huiyeyusha. Mtutu wowote usiojulikana ulipigwa risasi gani mara ya mwisho upitishwe lita moja ya maji yaliyochemka kwa mrija kutoka upande wa chemba, bolti ikiwa nje na kitako kikiwa kimevuliwa au kimefunikwa vizuri. Joto litaukausha. Pitisha vitambaa vikavu hadi vitoke vyeupe, kisha kimoja chenye mafuta mepesi. Rudia kukagua kesho yake, kwa sababu kutu mpya huonekana baada ya usiku mmoja. Hayo yafanyike baada ya picha na vipimo.

Begi la ngozi au la turubai ni la safari. Likiwa ghala la bunduki kuanzia masika ya Machi hadi baridi ya Julai, hushika unyevu na kuila rangi ya chuma mahali linapogusa. Bunduki isimame ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani, mdomo ukiwa chini, ili mafuta yasiteremke na kulowesha mbao nyuma ya bodi. Mbao iliyolowa mafuta hulainika na kupasuka kwa teke la kwanza. Nusu kilo ya silika jeli inatosha kabati la kawaida. Ikibadilika rangi, ikaushwe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Kitako kipewe matone matatu au manne ya mafuta ya linsidi kwa kiganja, mara moja kwa mwaka, na kisuguliwe mpaka mkono uhisi joto.

Jalada la bunduki liwe na nakala ya leseni, picha za siku ya kwanza, vipimo, barua ya leja, maelezo ya wazee na orodha ya kila screw iliyofunguliwa na tarehe yake. Nakala moja ikae nje ya nyumba, kwa wakili au ndugu, pamoja na ukurasa mmoja unaomwambia mrithi kituo gani cha polisi apeleke silaha, fundi yupi anaijua, na kwamba asiruhusu mtu yeyote aing'arishe.